Kimeng'enya si cha tumboni peke yake

Wiki iliyopita, kwenye semina hapa Kigoma, mtoa mada alisema mtoto aliyerithi hitilafu ya kimeng'enya "tumbo lake halisagi chakula", akashauri apewe uji laini. Ukumbi mzima ukatikisa vichwa kukubali. Nimeyasikia hayo mara nyingi mno, na yananiuma.

Kimeng'enya ni kitu kinachoharakisha kazi ya kikemia mwilini bila chenyewe kuisha. Basi.

Kinachopotosha ni jina. Kumeng'enya ni kuvunjavunja, na shuleni tunalikuta neno hili kwenye somo la mate na tumbo. Wengi wetu tukaliacha hukohuko. Mjerumani Wilhelm Kühne, aliyebuni jina enzaimu, ndilo la kimeng'enya kimataifa, miaka ya 1870, alilitoa kwenye Kigiriki, maana yake "ndani ya chachu". Tumbo halimo.

Chukua kimeng'enya kiitwacho RNase MRP. Hiki hakijui chakula. Kinakaa zaidi kwenye kiini cha seli, na kazi yake mojawapo ni kukata uzi mrefu wa RNA, molekuli inayonakiliwa kutoka kwenye jeni, mahali maalumu, ili vipande vyake viunde ribosomu, zile zinazotengeneza protini. Kazi hiyo naiita kuchakata, na aliyekulia kwenye michikichi ananielewa: mkungu ukishushwa bado si mawese. Chikichi zinachambuliwa, zinachemshwa, zinatwangwa, zinakamuliwa, mise inatengwa. RNA nayo hutoka kwenye jeni ikiwa ghafi.

Tena moyo wa kimeng'enya hiki ni RNA, si protini. Jeni yake, RMRP, haitoi protini yoyote! Mwaka 2001 watafiti walionesha kuwa hitilafu zake ndizo chanzo cha ugonjwa adimu wa gegedu (ule mfupa laini) na nywele, ulioelezwa na daktari Victor McKusick na wenzake mwaka 1965 kwa Waamishi, jamii ya Kikristo ya Marekani. Finland nako upo, takriban mtoto 1 kati ya 23,000. Mtoto huwa mfupi sana, nywele zake nyembamba na chache, na mara nyingi kinga yake dhaifu. Hupata nakala yenye hitilafu kwa baba na kwa mama, ambao kwa kawaida wenyewe ni wazima.

Kwa hiyo, ndugu yangu mtoa mada, ukifika kwenye ugonjwa kama huu sema mwili wa mtoto unashindwa kuchakata RNA sawasawa. Uji laini hauhusiki, na mama yake asitoke ukumbini akidhani alimlisha vibaya.