Kwa nini kisima hupita kwenye mafuta bila kuyaona?

Mchorongaji anaweza kupenya katikati ya mafuta na ripoti ikaandikwa kwamba hapana kitu. Hutokea hasa mafuta yakiwa ndani ya safu nyembamba ya jiwe la mchanga, iliyobanwa juu na chini na mwamba tope. Mwamba tope mweusi, wenye mabaki ya viumbe vya kale, ndio unaopika mafuta. Jiwe la mchanga lina nafasi kati ya chembe zake, nayo huyapokea. Jiko na ghala vimegusana. Ugumu uko wapi basi?

Kwanza, utafutaji huanza kwa kutuma mitetemo ardhini na kusikiliza mwangwi. Mtetemo wa mara 30 kwa sekunde, ukisafiri mita 3,000 kwa sekunde, una wimbi la mita 100. Safu ikiwa nyembamba kuliko robo ya wimbi, yaani mita 25, mwangwi wa juu yake na wa chini yake huchanganyika. Safu ya mita mbili humezwa kabisa.

Kisimani nako kuna mtego, na ndio unaoniuma zaidi. Maji ya chumvi hupitisha umeme, mafuta huuzuia, kwa hiyo ukinzani mkubwa, yaani umeme kupita kwa shida, ni ishara njema. Lakini mchanga na tope vikipishana kwa sentimita chache chache, kifaa husoma wastani, na tope, lililojaa maji, hupitisha umeme kwa urahisi. Kipimo kinasema maji penye mafuta. Ndiyo maana vipande vya mwamba vinavyopanda kutoka kisimani huoshwa na kuwekwa chini ya taa ya urujuanimno: chembe za mchanga zenye mafuta hung'aa njano au samawati, hata kama ni kijiko kimoja tu.

Huko jimbo la North Dakota, Marekani, mafuta yalipatikana mwaka 1951. Mwamba wa huko uitwao Bakken una safu ya kati ya mchanga laini na dolomiti, aina ya mwamba unaofanana na chokaa, kati ya mwamba tope mweusi wa juu na wa chini. Kisima cha wima kiliigusa kwa unene wake tu. Siku hizi kisima hushuka kama kilomita 3, hukunja kona, kisha hulala ndani ya safu hiyo kilomita 3 nyingine, na mwamba hupasuliwa kwa maji yenye shinikizo. Mwaka 2014 jimbo hilo lilivuka mapipa milioni 1 kwa siku.

Kinachoongoza keekee, yaani ncha ya kuchoronga, gizani ni miale ya gama. Mwamba tope wa Bakken una urani nyingi, inayotoa miale hiyo. Usomaji wa miale ukipanda ghafla, fundi anajua keekee imetoka kwenye safu, anairudisha.