Paka wa Rangi Tatu na Kromosomu ya X

Jioni sokoni Kawangware, wauza samaki wakifunga, hakosi paka mwenye mabaka meusi, meupe na ya rangi ya chungwa. Karibu kila mara ni jike. Jeni ya rangi ya chungwa imo kwenye kromosomu ya X (kromosomu ni nyuzi za DNA zinazobeba jeni); jike ana X mbili, dume X moja na Y moja. X moja ya jike huyu hubeba chungwa, nyingine nyeusi. Akiwa bado tumboni, kila seli huzima moja: hapa hii, pale ile, ndipo mabaka yakatokea. (Weupe una jeni yake kando.) Mary Lyon wa Uingereza ndiye aliyelifafanua jambo hili mwaka 1961, kwa kuchunguza panya. Dume wa rangi tatu ukimpata, mara nyingi ni XXY.

Na binadamu je? Wanawake nao huzima X moja, ila haizimiki yote. Ni kama baa iliyofunga mlango wa mbele huku wa nyuma ukiuza: jeni zipatazo 15 katika kila 100 huendelea na kazi. Hapo ndipo dozi ya jeni hizo huvurugika. Msichana mwenye hali ya Turner, yaani X moja tu, hupungukiwa. Mvulana mwenye hali ya Klinefelter, yaani XXY, huzidishiwa.

Miongoni mwa jeni hizo zisizozimika ni KDM5C na KDM6A. Protini zake hulegeza au kukaza ufungaji wa DNA, hivyo huamua jeni zipi za kromosomu nyingine zifanye kazi. Huenda hii ni sababu mojawapo ya X moja ya ziada kuyumbisha shughuli za jeni zilizo mbali nayo kabisa, ubongo ukiwa bado unaunganisha seli zake. Wavulana wengi wa XXY huchelewa kuzungumza na husumbuka kusoma. Wasichana wa Turner kwa kawaida huongea vizuri, ila hesabu na ramani huwatesa. Akili kwa jumla huwa za kawaida.

Klinefelter humpata mvulana mmoja katika kila 500 hadi 1,000. Si adimu hata kidogo, lakini wengi hugundua ukubwani wakitafuta mtoto. Huku nyuma mama ameshaambiwa ulimi wa mwanawe umeshikwa, ukatwe. Au amelaumiwa ukoo wake. Hitilafu kwa kawaida hutokea yai au mbegu inapotengenezwa, na huenda ikatoka kwa baba vilevile.

Mtoto akichelewa kusema, mwulize daktari kuhusu kipimo cha kromosomu. Ni damu kidogo tu, lakini seli huoteshwa siku kadhaa maabara kabla ya kuhesabiwa. Mtaalamu wa usemi asingoje majibu hayo; aanze na mtoto wiki hiyo hiyo.