Demensia ya mishipa ya damu: dhana potofu na ukweli

"Huo ni uzee tu."
Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea wakakuta asilimia 6.4 wana demensia, yaani akili kudhoofika hadi shughuli za kila siku zinamshinda mtu. Wengine wote hawakuwa nayo, kwa hiyo uzee peke yake si jibu. Demensia ya mishipa huja pale damu isipofika vizuri kwenye ubongo, ama kwa kiharusi kikubwa, ama kwa mishipa midogo kuziba kimyakimya miaka mingi. Wala si kila mara huanza kwa kusahau. Mama aliyepika pilau maisha yake yote anasimama jikoni, vitunguu vinaungua, na hajui kinachofuata ni nini.

"Mzee apumzike, ameshafanya kazi ya kutosha."
Dhana hii inaniuma kuliko zote, maana inatokana na mapenzi. Watoto wanampokonya kikapu, wanamkataza bustani, wanamwekea kiti barazani kuanzia asubuhi hadi magharibi. Mwili uliokaa hivyo hupandisha presha na sukari, na hizo ndizo zinazoiharibu mishipa ya ubongo. Mwendo huishusha presha na kuusaidia mwili kutumia sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kipimo ni rahisi: awe anaweza kuongea, lakini kuimba kumshinde. Kutembea kwa kasi kwenda msikitini au kanisani kunahesabika, na kupalilia pia. Basi mwacheni aende sokoni, hata akichelewa kurudi.

"Akicheza bao na drafti inatosha."
Bao ni zuri, na mzee asinyang'anywe. Lakini utafiti wa ACTIVE wa Marekani, uliohusisha wazee 2,802, ulionyesha kuwa mtu huimarika hasa katika kile alichofundishwa: aliyefundishwa kumbukumbu hakuwa mwepesi zaidi wa kutatua mafumbo. Nchini Finland, utafiti wa FINGER uliochapishwa mwaka 2015 ulichanganya lishe, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na ufuatiliaji wa presha kwa miaka miwili. Waliopata vyote waliimarika zaidi kiakili kuliko wenzao waliopewa ushauri wa kawaida. Haukuthibitisha kwamba hawatapata demensia kamwe, ila umetuonyesha kuwa mambo haya yaende pamoja. Akili ipewe jambo jipya: kumfundisha mjukuu kusuka ukili, kushika hesabu za kikoba, kujifunza wimbo mpya wa kwaya.

"Siku hizi natembea kila siku, dawa za presha nimeacha."
Hapana. Presha haiumi, ndiyo maana inadanganya. Mtu anajisikia mzima huku mishipa inaharibika. Dawa hupunguzwa na daktari baada ya vipimo. Na anayetembea asubuhi kisha akavuta sigara jioni anajirudisha nyuma.

"Ameshapata kiharusi, imekwisha."
Haijaisha. Hatari kubwa sasa ni kiharusi cha pili, maana kila kiharusi kinaweza kuongeza madhara kwenye ubongo. Aanze mazoezi taratibu na mtaalamu wa fiziotherapia, hata kwa kunyanyuka kitini na kukaa mara chache, mtu akiwa karibu asianguke. Akihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache na apelekwe kituo cha afya. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, akimbizwe hospitali saa hiyohiyo.