Je, wajua mwalimu asiyejua kuandika programu za kompyuta anatengenezaje programu ya somo?

Mwalimu wa Lamu anataka kufundisha maji kujaa na kupwa, kitabu kinampa mfano wa pwani ambayo watoto hawajawahi kuiona, na huku hawa hawa wanajua vizuri kwamba boti ya kwenda kisiwa cha Pate lazima ivizie maji pale Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, yakipwa haipiti. Sasa programu ya somo lenye Mkanda ndani ataipata wapi? Aitengeneze mwenyewe, na wala hahitaji kusomea uprogramu.

Ni hivi, kazi imegawanywa. Fundi alishaandika ile sehemu ngumu, yaani kuonyesha swali, kupokea jibu, kulilinganisha na kuhesabu maksi, akaacha nafasi tupu. Mwalimu anajaza maswali na majibu yake, anabonyeza, programu inachanganya vyote inamtolea ukurasa kama ule wa intaneti. Programu iitwayo Hot Potatoes, iliyotoka Chuo Kikuu cha Victoria kule Kanada, inafanya hivyo na ni ya bure: maswali ya kuchagua, kujaza mapengo, kuoanisha, mpaka fumbo la maneno. Faili unaitia kwenye fleshi, brauza inaifungua bila hata bando.

Na sio jambo la juzi. Miaka ya 1960 John Starkweather wa California alibuni PILOT, lugha ya kuandikia masomo ambayo T ni andika swali, A pokea jibu, M linganisha. 1987 Apple wakaleta programu ya HyperCard, hapo ukawa unapanga kadi na vitufe tu kwenye skrini.

Utamu wenyewe uko kwenye makosa. Mtoto akijibu kwamba bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, huja mwezi ukiwa nusu, programu inaweza kumwambia "hayo ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, hebu fikiria mwezi mpevu". Lakini maneno hayo lazima mwalimu akae ayaandike, jibu kwa jibu, na wengi wanaishia kwa "umekosa, jaribu tena", hapo kusema kweli heri chaki na ubao.

Halafu kwenye kujaza mapengo mashine haina akili, inaangalia herufi tu. Mtoto wa Amu, yaani Lamu, akiandika "mai" kama wasemavyo kwao badala ya "maji" anapigwa kosa, labda mwalimu awe ameliongeza kwenye majibu yanayokubalika, na nafasi ya kuongeza ipo, ni yeye tu aamue kama analitaka.