Bildi ni ya mhusika, ustadi ni wa mchezaji

Jioni katika mabaraza ya Michenzani na Darajani mjini Zanzibar, na vivyo hivyo Chake Chake na Wete kisiwani Pemba, vijana wanaocheza gemu za watano kwa watano kwenye simu zao hutumia maneno mawili kana kwamba ni moja. Anayeshinda huambiwa ana skili, yaani ustadi, anayeshindwa hujitetea kuwa mwenzake "kamshinda kwa bildi tu", na ambaye hero wake, yaani mhusika anayemwendesha ndani ya gemu, amepata kifaa cha tatu au cha nne husifiwa kwamba "skili zake zimepanda". Ubishi unaofuata haumaliziki, kwa sababu mmoja anazungumzia kilichomo ndani ya simu na mwengine anamzungumzia aliyeishika.

Bildi ni jumla ya maamuzi yanayopanga mhusika aweze kufanya nini: vifaa anavyonunuliwa na mfuatano wa kuvinunua, nguvu inayoongezwa kwanza na inayosubiri, na vile vinavyochaguliwa kabla mchezo haujaanza. Ustadi ni uwezo wa mtu mwenyewe: kuona, kukadiria umbali, kuwahi, kujizuia, kukumbuka adui yupi hajaonekana kwa muda, na kuelewana na wenzake wanne. Anayetaka kuvitenganisha na afikirie kuwa simu imepewa mtu mwengine katikati ya mchezo. Kinachobaki kwenye kioo ni bildi, na kinachoinuka barazani pamoja na mwenye nacho ni ustadi.

Maana yenyewe haina zaidi ya hayo. Kinachohitaji maelezo marefu ni jinsi uwezo wa mchezaji na uwezo wa mhusika ulivyokuja kuitwa kwa jina moja, na hapo lawama si za vijana peke yao, kwa kuwa gemu zenyewe ndizo zilizowafundisha. Katika Mobile Legends, iliyotoka mwaka 2016, vitufe vya upande wa kulia wa kioo huitwa skili, na mchezaji husema skili ya kwanza, skili ya pili, kisha ulti, ambayo ndiyo nguvu kubwa kuliko zote za hero. Vitufe hivyo ni mali ya hero. Mtoto wa skuli aliyeanza kucheza leo asubuhi anavyo sawasawa na bingwa, na hakuna juhudi yoyote ya kibinadamu iliyovifanya viwepo.

Mazoea hayo yana historia ndefu kuliko simu. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa nchini Marekani mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ambao huchezwa kwa karatasi, penseli na dadu. Kila mhusika aliandikiwa sifa sita, zikiwemo nguvu, akili na wepesi, na kila sifa ilipatikana kwa kurusha dadu tatu na kujumlisha, hivyo kiwango chake kilikuwa baina ya 3 na 18. Mtu mnyonge aliweza kumcheza shujaa mwenye misuli, na upanga wa shujaa huyo uligonga au ulikosa kwa hesabu ya dadu na karatasi, bila kujali kama mkono wa mchezaji unatetemeka. Uwezo ukahamia kwenye karatasi, na kwa mchezo wa mezani huo ulikuwa uamuzi wa busara, maana hapakuwa na njia ya kupima mkono wa mtu aliyekaa kitini.

Kompyuta ilirithi karatasi ile pamoja na lugha yake. Katika Diablo II ya mwaka 2000, kila mhusika alipopanda leveli alipata pointi ya kuweka kwenye mti wa nguvu zake, na pointi hizo nazo ziliitwa za skili. Kwa miaka mingi pointi ikishawekwa ilikuwa hairudi, na njia ya kuzipanga upya ililetwa mwaka 2010 tu. Anayejua jambo hilo ataelewa kwa nini wachezaji wa zamani walizungumza kuhusu bildi kwa uzito wa watu wanaojenga nyumba ya mawe: kosa la siku ya kwanza lililipwa kwa wiki nzima, na wakati mwengine kwa kumwacha mhusika na kuanza upya.

Upande wa pili walikuwepo watu wa gemu za kulenga shabaha, kama Counter-Strike, ambako kila mtu anaanza na uhai wa 100 na mwili ulio sawa na wa mwenzake. Wao hawakuwa na mti wa nguvu. Walinunua bunduki mwanzoni mwa raundi, na yaliyobaki yalikuwa macho, mkono na masikio ya kusikiliza nyayo. Gemu za watano kwa watano tunazozijua leo, kuanzia ile ramani ya DotA iliyotengenezwa ndani ya Warcraft III, kisha League of Legends mwaka 2009 na Dota 2 mwaka 2013, ziliziunganisha koo hizi mbili: zikachukua mti na duka kutoka kwa watu wa karatasi, na zikadai kasi ya mkono kama watu wa shabaha. Jina la zamani likabaki upande wa karatasi, ilhali upande wa mkono nao unalidai.

Wazee wa bao hawana tatizo hili. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji ana kete 32 kati ya 64, na mwanzo wa namua, hatua ya kwanza ya mchezo, mpangilio ni mmoja kwa wote: sita ndani ya nyumba, mbili na mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Fundi akimfunga mgeni, hakuna anayeweza kulalamika kwamba kete za fundi zilikuwa kali.

Gemu za timu hazikupangwa hivyo, na ndiyo maana wengi hudhani kuwa bildi na ustadi havitenganishiki kabisa. Vinatenganishika, na limewahi kutokea jambo lililovitenganisha mbele ya macho ya watu. Tarehe 13 Aprili 2019, mjini San Francisco, programu iliyoitwa OpenAI Five ilicheza Dota 2 dhidi ya OG, timu iliyokuwa imetwaa ubingwa wa The International, mashindano ya dunia ya gemu hiyo, mwaka uliotangulia, na programu ikashinda michezo yote miwili. Ilikuwa imejifunza kwa kucheza dhidi ya nafsi yake mara nyingi mno. Lakini mfuatano wa kununua vifaa na wa kuongeza nguvu za mashujaa haikujifunza yenyewe, kwani ulikuwa umeandikwa na binadamu kama maagizo ya kufuatwa. Bildi ilitoka nje, na kilichowashinda mabingwa ni jinsi ya kusogea, kuvamia, kurudi nyuma na kujua lini wote watano waende mahali pamoja. Ni kweli kwamba mashujaa walioruhusiwa siku hiyo walikuwa 17 tu katika gemu yenye zaidi ya 100, na kikwazo hicho kinapunguza ukubwa wa ushindi. Hakipunguzi mafunzo yake kuhusu maneno haya mawili.

Asidhani mtu kuwa kwa hoja hii bildi ni kitu kidogo. Katika League of Legends, deraya, yaani kinga ya mwili, ikifika 100 hupunguza nusu ya madhara ya mapigo ya kimwili, na ikifika 300 hupunguza robo tatu. Ikiwa adui wanategemea uchawi, deraya yote hiyo haina kazi, kwa sababu uchawi una kinga yake nyengine. Kijana mwenye vidole vyepesi kuliko wote barazani, akinunua deraya mbele ya wachawi watatu, atakufa upesi, na wenzake watasema hana skili. Vidole vyake havikuwa na kosa. Kosa limefanyika dukani, nalo linasahihishwa kwa kusoma orodha ya adui kabla ya kutumia dhahabu.

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, ambao wabishi wa barazani huuruka. Je, kuchagua bildi si ustadi? Ni ustadi, pale ambapo mtu amechagua. Anayetazama wapinzani watano, akaona kwamba wawili wanajiponya sana, akaacha kifaa alichokizoea na kununua kinachopunguza uponyaji, ametumia akili yake mwenyewe. Mwenzake aliyebonyeza orodha iliyopendekezwa na gemu, akaifuata mpaka mwisho hata adui wakibadilika, ana bildi ileile pengine, na sifa ya kuipanga ni ya mtu mwengine. Vifaa sita vilivyo kwenye kioo havisemi vimefikaje hapo. Kwa hiyo kauli ya "kanishinda kwa bildi" inaweza kuwa lalamiko na inaweza kuwa sifa, na msemaji mara nyingi hajui ametoa ipi.

Mpaka baina ya viwili hivi huonekana vizuri zaidi kwenye vifaa vyenye kitufe. Zhonya's Hourglass ya League of Legends humfanya mhusika asidhurike kwa sekunde 2.5, na katika muda huo yeye pia hawezi kusogea wala kupiga. Kuwa nacho ni bildi. Kukibonyeza wakati ulti ya adui iko hewani, na wenzako wakiwa karibu kiasi cha kukuokoa sekunde hizo zikiisha, ni ustadi. Ukikibonyeza mapema unakuwa umejisimamisha mwenyewe katikati ya maadui ili wajipange kukuzunguka, jambo ambalo nimeliona mara nyingi kuliko lile la kwanza.

Katika timu kuna jambo jengine tena: bildi haipimwi kwa mhusika mmoja. Wakiwa watano wote wamenunua vya kupiga na hakuna aliyenunua vya kustahimili, kila mmoja anaweza kuonesha bildi yake na ikawa nzuri, na timu ikawa mbovu. Anayekubali kuwa tanki, yaani wa kupokea mapigo mbele ya wenzake, au supoti anayenunua vya kuwalinda wenzake, atamaliza mchezo na idadi ndogo ya maadui aliowaua, kisha ataitwa dhaifu na watu wanaosoma jedwali la mwisho peke yake. Huyo huenda ndiye pekee aliyefikiria bildi ya timu.

Yapo pia mambo yasiyo bildi wala ustadi, na ni haki kuyaweka pembeni. Katika World of Warcraft, iliyoanza mwaka 2004, mhusika hubaki na leveli na vifaa vyake kila anaporudi, kwa hiyo nguvu yake ni pia hesabu ya muda ambao mwenyewe ameutumia. Katika Dota 2 na League kila mchezo huanza na leveli ya kwanza, na vifaa vya jana havipo. Mtandao unaochelewa nao ni jambo la tatu, ingawa hapa kwetu umekuwa udhuru mwepesi kuliko zote, na cha ajabu huwa unachelewa kwa walioshindwa tu.

Kijana anayemwendea mwenzake aliyefika Mythic, daraja la juu la Mobile Legends, na kumwomba "nipe bildi ya kupandia" hajakosea kuomba, ila atapewa orodha ya vifaa vya hero fulani dhidi ya maadui fulani, na kesho maadui watakuwa wengine. Angeuliza kwa nini kifaa cha pili kilinunuliwa kabla ya cha tatu katika mchezo ule, angeondoka na sehemu ya ustadi wa mwenzake, na orodha angeweza kujiandikia mwenyewe.