Tiketi ya Mheshimiwa Imelipwa na Nani?

Kila tunapokutana na wananchi, Unguja na Pemba, likitajwa suala la serikali ya nje kumnunua mbunge, wengi huwaza mkoba uliojaa dola. Mikoba ipo kweli. Mwaka 2024 mahakama ya New York ilimtia hatiani Seneta Bob Menendez wa Marekani, shtaka mojawapo likiwa kula njama ya kuwa wakala wa Misri. Wapekuzi walikuta kwake vipande vya dhahabu, na noti zimesokomezwa hata ndani ya mabuti.

Lakini mkoba huja mwisho. Kwanza hujengwa urafiki.

Tongsun Park, mfanyabiashara wa Korea Kusini, alianzisha klabu Washington mwaka 1966, wakubwa wakawa wanaalikwa kula na kunywa. Mwenyewe alikuwa dalali wa mchele wa Marekani uliouzwa kwao, na kamisheni ya mchele huo ndiyo iliyogharimia karamu na bahasha. Serikali yao, iliyoko Seoul, ilitaka majeshi ya Marekani yasiondoke Korea. Hebu fikiria mbunge wa jimbo la wakulima wa mpunga: wapiga kura wake wanapata soko, yeye anapata mchango wa kampeni. Kosa atalionea wapi? Mkono mtupu haulambwi, na Park alilijua hilo. Kashfa iliripuka 1976, wakatajwa wengi, ila mbunge aliyekwenda jela ni mmoja tu, Richard Hanna.

Na haya yalitokea katika nchi ambayo tangu 1938 ina sheria ya kuwataka mawakala wa serikali za nje wajisajili.

Wapo wanaosema Chukwani, kwenye Baraza letu la Wawakilishi la Zanzibar, hakuna cha kuwindwa, maana mambo ya nje ni ya Muungano. Sikubaliani nao. Baraza hilo ndilo lililopitisha Sheria ya Mafuta na Gesi ya 2016, na ardhi yetu inatungiwa sheria humo humo. Mwakilishi akirudi ziara ya mafunzo ng'ambo, muulizeni: nani kalipa tiketi na hoteli, nani alipanga ratiba, ripoti iliwasilishwa kamati gani? Ziara nyingi hazina ubaya wowote, na Mheshimiwa mwenye jibu atalitoa papo hapo. Anayekunja uso aulizwe tena, kabla mswada haujasomwa mara ya pili.