Kabla ya Kumpa Mwiko, Mpe Ngazi

Miradi ya kuwafundisha vijana wasio na kazi ufundi wa nyumba kongwe mingi inafanana. Nyumba moja kubwa inachaguliwa, inazungushiwa jukwaa, vijana wanachanganya chokaa kwa miezi kadhaa, mgeni rasmi anakuja, picha zinapigwa, vyeti vinatolewa. Nyumba inapendeza kweli. Lakini masika hayohayo, mtaa wa pili, nyumba nyingine iliyofungwa inaporomoka upande wa nyuma kwa sababu mlizamu, mfereji wa kutoa maji ya mvua juu ya paa, uliziba na hakuna aliyepanda kuuzibua.

Mimi ni fundi wa chokaa, na ufundi huo ndio ninaoufundisha hapa Mji Mkongwe, Unguja. Naipenda kazi ya kulitoa gofu likawa nyumba tena, na mwenye fedha za kuigharimia simkatazi. Ila kwa kijana asiye na ajira, na kwa nyumba isiyo na mtu, naona tunaanzia mwisho. Tungeanza na utunzaji, ukarabati mkubwa ukafuata kwa wale wachache walioonyesha mkono.

Nyumba ya mawe haifi kwa uzee. Inauawa na maji, na maji huingilia juu. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wake nusu mita na zaidi. Ukiwa mkavu, ukuta wa namna hiyo unabeba ghorofa mbili tatu miaka na miaka. Ukilowa ndani, udongo unalainika na kushuka kidogokidogo mpaka katikati panabaki uwazi, na kwa nje huoni kitu ila tumbo. Siku unapoliona tumbo, maji yameshafanya kazi yake muda mrefu.

Nyumba yenye watu hujisemea. Doa likitokea darini mtu anaweka ndoo, kesho yake anapanda juu kutazama bati gani limetoboka. Iliyofungwa haina wa kuweka ndoo. Majani ya mwarobaini na mifuko ya plastiki vinajaa kwenye mlizamu, maji yanarudi nyuma, yanaingia kichwani mwa ukuta. Ndege naye anadondosha mbegu ya mkuyu kwenye ufa. Mche wa mwaka wa kwanza unaung'oa kwa vidole viwili. Ukiuacha, mizizi inapenya baina ya mawe, na hapo huthubutu tena kuuvuta, kwa kuwa mti wenyewe ndio umeyashika mawe. Inabidi uukate, uliue shina taratibu, kisha uujaze ukuta. Tofauti ya gharama baina ya hatua hizo mbili ndiyo hoja yangu yote.

Somo la kwanza ninalotoa halina mwiko wala karai. Lina ngazi, bisibisi, tochi, kalamu na daftari. Mwanafunzi anaizunguka nyumba nje kwanza: michirizi ya maji ukutani, tumbo, nyufa, miche. Ufa tunaubandikia kipande chembamba cha kioo kwa plasta, pande zote mbili, tunaandika tarehe. Tukirudi tukikuta kioo kimevunjika, ukuta bado unatembea, na hiyo si kazi ya mwanafunzi tena, ni ya mhandisi. Kioo kikiwa kizima, ufa ule ni wa zamani, tunaweza kuujaza.

Ndani kuna sheria moja nisiyoifanyia mzaha: dari ikaguliwe kutoka chini kabla mtu hajaikanyaga kutoka juu. Sakafu zetu za juu zimelazwa kwenye boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, kama mita tatu hivi. Boriti haianzi kuoza katikati, pale macho yanapoitazama. Inaanza kichwani, sehemu iliyofukiwa ukutani, kwa kuwa ukuta ukilowa kichwa ndicho kinachokunywa. Basi mwanafunzi anapanda ngazi, anachoma bisibisi pale boriti inapoingia ukutani. Boriti nzima inakataa, chuma kinagota na mkono unahisi. Iliyooza inapokea bila ubishi, na bisibisi ikitoka inatoka na unga wa kahawia, mara nyingine na mchwa. Anaandika: chumba cha pili, boriti ya nne kutoka mlangoni, kichwa cha kusini. Baada ya nyumba chache mtu anaanza kusoma jengo. Ufundi huo hautegemei nguvu za mabega, na baadhi ya wakaguzi bora niliowafundisha ni wasichana ambao jamaa zao waliwaambia ujenzi si kazi yao.

Anayedhani nazidisha kuhusu usalama akumbuke Beit el Ajaib, Jumba la Maajabu la hapa Mji Mkongwe. Jumba lile lilijengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka wakati kazi za ukarabati zikiendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Siingii kwenye mabishano ya nani alaumiwe. Ninachowaambia wanafunzi ni kwamba ikiwa jengo lile, lililojulikana dunia nzima, liliweza kuanguka, nyumba ya mtaa wa Kiponda iliyofungwa miaka mingi haina sababu ya kukuhurumia. Wanaogundua dari mbovu hutegemeza kwanza kwa nguzo na mbao, hata kama siku hiyo hawatatengeneza kitu kingine.

Baada ya ukaguzi ndipo mikono inachafuka: kuzibua milizamu na mifereji ya bati, kubadilisha misumari ya bati, kuziba matundu, kung'oa miche, kufagia kinyesi cha popo (kwa barakoa, tafadhali), kufungua madirisha upepo upite siku nzima. Mambo haya yanafundishika ndani ya miezi mitatu. Fundi chokaa ni habari nyingine, huyo ni wa miaka.

Na chokaa nayo lazima niiseme, kwa kuwa hapo ndipo vijana wengi wanaponibishia. Wanaokuja kwangu mara nyingi wameshakuwa saidia fundi kwenye majengo ya matofali, wameizoea saruji. Wanaona chokaa ni umasikini wa wazee. Kwa nini tusipige lipu ya saruji tukamaliza? Huwa sijibu kwa maneno. Nampeleka kwenye ukuta wa kale uliopigwa saruji, namwambia agonge kwa kifundo cha kidole. Sehemu nyingi zinalia tupu, lipu imeachana na ukuta. Akiibandua, kwa nyuma ukuta umelowa, na pembeni kumetoka unga mweupe wa chumvi. Saruji ni ngumu na haiachi unyevu utoke kwa urahisi, kwa hiyo maji yaliyoingia kwa juu au kupanda kutoka chini yanakwama ndani, yanakula udongo na chokaa ya asili huku sura ya nje ikionekana ngangari. Lipu ya chokaa inapumua. Ikichoka inameguka yenyewe kabla ukuta haujadhurika, unaipiga upya.

Kuitengeneza kunahitaji subira, na subira ni somo gumu kwa mtu mwenye madeni. Mawe ya matumbawe yanachomwa tanuuni kwa magogo mpaka joto lifike kama nyuzi 900, yanabaki mepesi na yenye hasira. Ukiyatia maji yanachemka yenyewe. Hapo ni kulinda macho kabla ya yote, tone moja linaweza kupofua. Chokaa iliyozimwa tunaiweka shimoni, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini mkononi. Sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga uliooshwa, maana mchanga wenye chumvi unaleta maradhi yaleyale tunayoyatibu. Ukuta unanyunyiziwa maji, lipu inapigwa tabaka nyembamba, sentimita moja hivi, inafunikwa kwa magunia yaliyolowa, unasubiri. Chokaa haikauki tu, inairudisha hewa ya ukaa iliyoipoteza tanuuni na kugeuka jiwe tena, polepole. Kijana aliyezoea kulipwa kwa mita alizopiga anaona unamchelewesha makusudi.

Hapo tunafika kwenye fedha. Neno "asiye na ajira" linawadanganya wapanga miradi. Wanadhani mtu huyo yuko bure toka asubuhi. Hayuko bure. Yuko bandarini Malindi akisubiri mzigo, yuko Forodhani akiuza, ni papasi anayewatafutia wageni hoteli, ni mama anayepika vitumbua alfajiri na kulea mchana. Anaishi kwa kinachopatikana leo. Mafunzo yasiyolipa posho inayokaribia kibarua cha siku, pamoja na nauli ya daladala na sahani ya chakula, yatabaki na wale wenye jamaa wa kuwalisha, na hao sio tuliosema tunawalenga. Nimeona watu wenye mikono mizuri wakiondoka wiki ya tatu, na sikuona sababu ya kuwalaumu. Vituo vya mafunzo ya amali, vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji kule Pemba, vinafundisha uashi na useremala wa kawaida, na ni msingi mzuri. Ila ukuta wa matumbawe huwezi kuuleta darasani. Huu ni uanagenzi, na mwanagenzi hula kazini.

Swali gumu kuliko yote ni nyumba yenyewe ni ya nani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, na nyumba nyingi zikachukuliwa na serikali zikakaliwa na familia kadhaa kwa pamoja, kodi ndogo, matengenezo hakuna. Nyingine ni za wakfu. Nyingine ni mirathi iliyogawika mpaka wajukuu: mmoja mtaa wa Ng'ambo hapahapa mjini, wawili Muscat, mmoja Uingereza, mwingine hata hajui kuwa ana fungu. Mrithi mmoja akitengeneza, wenziwe wanafaidi bila kutoa senti, au wanamshuku kuwa anataka kuimeza. Kwa hiyo hakuna anayetengeneza. Mji ukaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kufuli za milango hiyo zikabaki zilezile.

Wanaoleta mifano ya nje husahau jambo hili. Mwaka 1978 kule East Harlem, New York, Dorothy Stoneman aliwakusanya vijana wa mtaani wakatengeneza jengo lililotelekezwa, na kutoka hapo ikazaliwa YouthBuild, ambako vijana hupokezana baina ya darasa na kazi ya ujenzi. Mfano mzuri sana. Lakini miaka ile jiji la New York lilikuwa limeshikilia majengo mengi ambayo wenyewe walishindwa kuyalipia kodi, kwa hiyo palikuwa na mtu mmoja wa kuzungumza naye. Hapa kwetu ukitaka ruhusa ya kuivunja na kuijenga upya sebule moja, waweza kuhitaji saini za watu kumi na wanane katika nchi tano.

Utunzaji unalipita tatizo hilo pembeni. Ukarabati unaipandisha nyumba thamani, na thamani ikipanda ugomvi unaamka. Kuzibua mlizamu hakumpi mtu haki yoyote juu ya nyumba. Hakuna mrithi aliyewahi kwenda mahakamani kwa sababu mkuyu umeng'olewa. Kesi inaweza kuendelea miaka saba, na bati likazibwa miaka yote saba, ili siku hukumu ikitoka kuwe na kitu cha kugawana. Kazi yoyote itakayogusa lipu ya nje, mlango au dirisha ipelekwe kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyopo tangu 1985. Ila ngazi na ufagio havihitaji mchoro wa msanifu.

Kwa kijana pia hesabu inakaa vizuri zaidi. Ukarabati wa nyumba kubwa ukiisha, ajira imeisha, na mara nyingi nyumba inakuwa hoteli ambayo aliyeijenga hataingia tena ila kwa mlango wa jikoni. Nyumba zilizofungwa zinahitaji kutazamwa kila mwezi, na kushughulikiwa kwa nguvu mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Kikundi cha watu wanne wenye nyumba ishirini mikononi kina kazi mwaka mzima. Ada ya kila nyumba inaweza kuwa ndogo kiasi cha warithi kuchangishana kwa simu bila kikao, na badala yake wanapata picha za kila ziara: boriti ileile, ufa uleule, tarehe mpya.

Kilichobaki ni mkataba, na uwe mfupi. Uandike wazi kuwa kikundi hakilali ndani, hakipangishi, hakitoi kitu nje hata mlango uliooza. Uandike nani anaitwa dari ikionekana mbovu, na nani analipa nguzo za kuitegemeza siku hiyohiyo, maana barua ya kuomba idhini Muscat haiwezi kushindana na mvua ya Aprili. Funguo zikae kwa jirani, sio kwa kikundi, na jirani naye alipwe kidogo kwa kufungua na kufunga. Watie saini watatu: mwakilishi wa warithi, kikundi na huyo jirani, sheha, kiongozi wa mtaa, akiwa shahidi.